Lowell: Mji wa Pamba Usiolima Pamba

Kila anayesoma historia ya biashara ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 hukutana na neno merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichoteremshwa Unguja na kubebwa na wapagazi hadi bara. Vitabu hututajia meli za Salem zilizokileta, na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani, kisha vinaishia bandarini. Ni nadra kuuliza kilifumwa wapi. Kilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, na mji uliotangulia mingine yote huko ulikuwa Lowell.

Mji huo haukukua polepole kutoka kijiji. Wafanyabiashara wa Boston walinunua mashamba kando ya Mto Merrimack, penye maporomoko ambapo maji hushuka kiasi cha mita 10, wakapanua mfereji wa zamani na kuyageuza maji hayo kuwa nguvu ya kuendesha mitambo. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1823. Mji ulipewa jina la Francis Cabot Lowell, mtu aliyefariki mwaka 1817 bila kuuona. Kufikia 1850 ulikuwa na watu zaidi ya 33,000.

Insha hii inadai kwamba udhaifu wa uchumi wa Lowell ulikuwepo tangu siku ya kwanza, nao ulikuwa katika umiliki. Mashine zilikuwa Lowell, lakini wenye hisa waliishi Boston, na pamba ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ya Kusini. Sehemu ya kitambaa ilirudi huko huko: viwanda vya Lowell vilifuma nguo nzito za bei rahisi zilizovishwa watumwa, hata nguo hizo zikaitwa kwa jina la mji.

Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa hasa wasichana wa mashambani, waliolala katika mabweni ya kampuni na kufanya kazi kwa zaidi ya saa 12 kwa siku. Ujira ulipopunguzwa mwaka 1834 waligoma, na wakagoma tena mwaka 1836 gharama za mabweni zilipopandishwa. Mwaka 1845, wakiongozwa na Sarah Bagley, walipeleka malalamiko kwenye bunge la jimbo wakidai siku ya kazi ya saa 10. Wabunge waliwasikiliza, kisha wakakataa. Baadaye nafasi zao zilichukuliwa na Waairishi, Wakanada wasemao Kifaransa, Wagiriki na wengine wengi ambao hawakuwa na shamba la kurudia.

Mahali pa kuupima mji huu ni miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipozuka mwaka 1861, pamba iliadimika na bei yake ikapanda. Kampuni kubwa za Lowell zilikuwa na akiba ya pamba. Badala ya kuifuma, ziliiuza kwa faida, zikafunga milango na kuwaachisha kazi watu wapatao 10,000. Kwa mwenye hisa aliyekuwa Boston hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kwa Unguja nayo ilikuwa na maana, kwani merikani iliadimika sokoni na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Kwa hiyo siridhiki na maelezo kwamba Lowell iliangushwa na ujira mdogo wa Kusini peke yake. Ni kweli kwamba viwanda vilihamia Kusini, na kwamba katika miaka ya 1920 vingi vilifungwa. Lakini wenye mali walikuwa wamechukua magawio kwa muda mrefu huku mitambo ikichakaa. Mwaka 1920 mji ulikuwa na watu zaidi ya 112,000. Mwaka 1980 walikuwa wamebaki takribani 92,000.

Kinachoitatiza hoja yangu ni kampuni ya kompyuta ya Wang. Mwanzilishi wake, An Wang, mhamiaji kutoka China, aliweka makao makuu Lowell katika miaka ya 1970 na kuajiri maelfu. Hapo mwenye mali alikuwa karibu, na bado mji ulianguka naye: kampuni ilitegemea mashine za kuandikia nyaraka, zikapitwa na kompyuta ndogo za mezani, nayo ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1992. Basi umiliki wa mbali haukuwa ugonjwa pekee; kuegemea mwajiri mmoja kulitosha. Majengo yake marefu, yaliyogharimu takribani dola milioni 60, yaliuzwa kwa mnada mwaka 1994 kwa dola 525,000, yakagawanywa kuwa ofisi za kampuni nyingi. Viwanda vya nguo navyo, tangu Bunge la Marekani lilipovifanya hifadhi ya taifa mwaka 1978, vimegeuzwa makumbusho na makazi. Katika kimojawapo vyerehani vya kufumia bado huwashwa kwa ajili ya wageni.