Al-Gaffal: Mashindano ya Majahazi na Khabari za Wazamia Lulu



Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa ladha ya mashindano ya vyombo vya tanga. Lamu mashua hushindana wakati wa Maulidi, na Unguja watu hukusanyika ufukweni kutazama resi za ngalawa. Leo tungependa kukueleza khabari za mashindano makubwa kuliko hayo, yanayofanyika katika bahari ya Ghuba, kwani ndani yake imo historia ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuna fungu letu, na fungu hilo halisemwi sana.

Mashindano hayo huitwa Al-Gaffal. Yalianzishwa mwaka 1991 na Sheikh Hamdan bin Rashid Al Maktoum wa Dubai, aliyefariki mwaka 2021. Vyombo vinavyoshindana ni majahazi ya mbao yenye urefu wa futi 60, yasiyo na mashine, yanayokwenda kwa upepo tu kama yalivyokwenda ya wazee. Mwanzo wake ni kisiwa cha Sir Bu Nair, kilichoko katikati ya Ghuba, na mwisho wake ni pwani ya Dubai, mwendo wa zaidi ya maili 50 za baharini. Katika miaka ya karibuni vyombo vimepindukia 100. Hupangwa mstari mmoja, matanga yakiwa yametuliwa; ishara ikitolewa, mabaharia wote huvuta kamba kwa pamoja wakatweka foromali, na bahari ikageuka nyeupe kwa matanga. Na upepo ukiwa mbaya, safari huahirishwa, kwani mwenye upepo ni Mwenyezi Mungu, wala hakuna tajiri awezaye kuununua.

Ama neno Al-Gaffal, maana yake ni marejeo, yaani kurudi nyumbani. Zamani watu wa Ghuba walikuwa wakitoka kwenda kuzamia lulu tangu joto kuingia, kiasi cha mwezi wa Juni, wakakaa baharini muda wa miezi minne. Siku ya kufunga msimu, vyombo vyote vilitweka pamoja na kurejea, kila nahodha akitaka awe wa mwanzo kufika. Wake na watoto walikuwa wamesimama pwani wakitazama matanga. Siku hiyo ndiyo inayokumbukwa kwa mashindano haya. Na kisiwa cha Sir Bu Nair kilichaguliwa kwa sababu wazamiaji walikuwa wakipumzika na kujihifadhi na dhoruba hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, msomaji, na inafaa tuijue. Mzamiaji alibana pua yake kwa kibanio, akavaa vifuniko vya ngozi vidoleni ili asikatwe na makombe, akatundika kikapu shingoni, na akatia mguu katika kamba yenye jiwe zito lililomzamisha mpaka chini. Huko aliokota makombe kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akatikisa kamba, na mwenzake aliyekuwa juu akamvuta. Akipumua kidogo, huzama tena. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi mpaka jioni. Wengi waliharibika masikio na macho. Chakula kilikuwa tende, wali kidogo na samaki. Na katika makombe mia, huenda isipatikane lulu hata moja ya maana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 yalihesabiwa katika Ghuba nzima majahazi ya lulu yapatayo 4,500, na watu zaidi ya 70,000 wakifanya kazi humo. Lulu zilipelekwa Bombay, na kutoka huko zikenda Paris, London na New York. Ili upate kujua thamani yake, mwaka 1917 wauza vito wa Cartier walipata jumba zima katika mtaa wa Fifth Avenue, New York, kwa kutoa mkufu wa nyuzi mbili za lulu na dola 100 juu yake.

Sasa tujiulize: je, yule aliyezama na jiwe mguuni alipata nini? Jawabu lake ni deni. Kabla ya msimu, nahodha alimkopesha mzamiaji pesa za kuwaachia watu wake. Nahodha naye alikopa kwa tajiri wa lulu. Msimu ukiisha, lulu huuzwa, hutolewa kwanza gharama za chakula, kisha ndipo mafungu yagawanywe, na katika fungu la mzamiaji hukatwa deni. Mara nyingi halikutosha, na hesabu iliwekwa na yule yule anayedai, hali mdaiwa hajui kusoma. Basi mwaka wa pili hana budi kurudi kwa nahodha yule yule. Huko Bahrain deni liliweza hata kumwangukia mtoto wa marehemu, akaingia baharini kulipa asichokikopa, mpaka desturi hizo zilipoanza kurekebishwa katika miaka ya 1920. Nasi twajua kwamba Mtume wetu, s.a.w., alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni katika Sala yake.

Lakini walikuwako waliokuwa chini zaidi ya wenye madeni, na hapa ndipo lilipo fungu letu. Katika karne ya 19, biashara ya lulu ilipokuwa ikikua, watu wengi walichukuliwa kutoka Afrika Mashariki wakavushwa kwa majahazi mpaka Oman na Ghuba. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini iliendelea kwa siri miaka mingi baadaye. Wengi wa waliopelekwa huko walitiwa katika kazi ya kuzamia. Walizama kama wenzao, wakavuta kamba kama wenzao, lakini msimu ulipokwisha fungu lao lilichukuliwa na bwana. Katika miaka ya 1920 na 1930 baadhi yao walikimbilia katika ofisi za Waingereza za Sharjah, Bahrain na Maskati kuomba hati za uhuru. Maelezo yao yaliandikwa, na karatasi hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Mna ndani yake watu waliosema kwamba waliibwa Sawahili wakiwa watoto wadogo.

Kwa watu hao, siku ya Al-Gaffal ilikuwa marejeo ya kwenda wapi? Chombo kilirudi, lakini wao hawakurudi kwao. Watoto wao wakawa wenyeji wa Ghuba, na mpaka leo huko huchezwa ngoma ya liwa, kwa zumari, na katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili.

Utajiri wa lulu haukudumu. Mjapani Mikimoto alifanikiwa mwaka 1893 kuotesha lulu ndani ya kombe kwa mkono wa binadamu, na baada ya miaka 30 lulu za namna hiyo zikajaa masokoni. Kisha ukaja mporomoko wa biashara wa mwaka 1929, na waliokuwa wakinunua hawakuwa na pesa tena. Matajiri walifilisika, na majahazi yakavutwa pwani yakaoza. Mafuta yalipopatikana, Bahrain mwaka 1932 na Dubai mwaka 1966, vijana waliiacha bahari. Utumwa nao ulikomeshwa kwa sheria: Bahrain mwaka 1937, Qatar 1952, na Oman 1970. Lau si mashindano kama haya, huenda fundi wa kuunda majahazi hayo, na nahodha ajuaye kuyaendesha kwa tanga, wangekwisha kabisa.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mashindano ni jambo baya, la hasha. Ibn Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, ameeleza kwamba Mtume, s.a.w., aliwashindanisha farasi Madina, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mchezo unaohifadhi ufundi na ushujaa ni mchezo mwema. Tunalosema ni kwamba mwenye kukumbuka jambo alikumbuke lote. Imekuja katika Hadithi Qudsi, kama alivyoipokea Bukhari, kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama ni mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, na mwenye kumwajiri mtu, akaitimiza kazi, kisha asimpe ujira wake. Tazama, msomaji, jinsi makosa hayo mawili yalivyokutana ndani ya chombo kimoja.

Inafaa kutaja kwamba wako watu wa Ghuba wenyewe wasioficha jambo hili. Mjini Doha mwaka 2015 ilifunguliwa nyumba ya Bin Jelmood kuwa makumbusho ya historia ya utumwa, katika nchi ya Kiislamu na kwa mikono ya Waislamu. Kusema kweli juu ya wazee wetu si kuwatukana. Nasi wa pwani hii tusijitoe, kwani majahazi yale yalipakia watu katika bandari zetu, na waliowauza walikuwa miongoni mwetu.

Basi watoto wako wakikuuliza khabari za mashindano ya majahazi, waeleze uzuri wa tanga na ushujaa wa mabaharia. Kisha waeleze pia ni nani aliyekuwa chini ya maji wakati chombo kilipotia nanga. Na ikiwa wewe mwenyewe una mtu anayekufanyia kazi, nyumbani, shambani au baharini, itazame hesabu yake leo kabla hujalala, wala usingoje akudai. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutekeleza haki za watu kabla ya siku ya marejeo makubwa. Amin.