Alaimenti ya magurudumu ya mbele

Alaimenti ni upangaji wa pembe za magurudumu ili gari lishike njia bila kuvuta upande. Katika mbio fupi za kunyooka, ambazo kwa kawaida ni za robo maili (mita 402), pembe inayobeba uzito mkubwa ni kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma. Ikiongezwa, magurudumu hujirudisha yenyewe katikati, kama yale ya toroli. Usukani huwa mzito, lakini dereva wa mbio hizi hana kona ya kukata.

Magurudumu husimamishwa karibu wima. Ncha zake za mbele hubanwa kidogo sana kwa ndani, kwa kuwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma huzipanua likiwa kwenye mwendo. Kubana kupita kiasi huburuza tairi na kupoteza kasi. Kosa la kawaida ni kupima gari likiwa limetulia tu: likiondoka kwa nguvu pua huinuka, na kipimo hubadilika. Fundi makini huinua pua kwa jeki, kisha hupima tena.

Kanuni hizo zinaligusa pia basi linalotoka Songea kwenda Makambako, takriban kilomita 300. Kwenye miteremko ya Lukumburu, tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) iliyolegea ni hatari kwa abiria wote. Kwa hiyo tairodi, bushi (raba za viungo) na upepo wa tairi hukaguliwa kwanza. Kasta hufuata, na kubana huja mwisho, maana marekebisho mengine hukuvuruga.