Kofia za mtemi: kazi zilizotenganishwa Usukumani, na ile iliyosahauliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Shinyanga ambaye hakung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno alikuwa na kesi ya kujibu, na kesi hiyo ilizungukia palepale. Amri ilitoka kwa mtemi. Aliyepita mashambani kukagua ni mwanangwa, mtu wa mtemi. Baraza lililosikiliza shauri lilikuwa la mtemi, na faini iliingia katika hazina ileile iliyomlipa mtemi mshahara. Akikata rufaa, mkulima alifika kwa Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akimsukuma mtemi atoe amri hizo: za masalia, za matuta, za kupunguza mifugo. Wengi hueleza kufutwa kwa utemi mwaka 1963 kana kwamba ulikufa kwa uzee. Mimi nasema uliuawa na mambo mawili: kurundikiwa kazi zisizopaswa kukaa pamoja, na kuondolewa kwa watu waliokuwa na uwezo wa kumzuia anayezishika.

Hilo la pili ndilo zito zaidi. Kabla ya ukoloni pia mtemi wa Kisukuma alikuwa na mengi mkononi: matambiko ya mvua, vita, mashauri ya watu. Lakini alichaguliwa na banang'oma, wazee waliojua siri za utemi, na hao hao waliweza kumwondoa nchi ilipoharibika. Wananchi nao walikuwa na njia yao, kwani aliyechoshwa na mtemi wake alihamia kwa jirani, na mtemi asiye na watu hakuwa mtemi. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, kazi za mtemi zilibaki, zikaongezwa na nyingine, ila hesabu yake sasa aliitoa kwa serikali. Sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa maofisa utawala. Rufaa ikapanda kutoka kwa mtemi kwenda kwa ofisa wa wilaya, wa jimbo, hadi kwa gavana. Njia hiyo nzima haikuwa na jaji hata mmoja.

Wapo watakaosema watemi hawakuwa sawa wote, na ni kweli. Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, alikuwa msomi aliyeheshimika, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Lakini mpangilio unaotegemea tabia njema ya mtu hauna kinga siku akija mwingine, na Kidaha mwenyewe aliachia utemi mwaka 1954. Kule Geita ubovu wa mpangilio ulionekana wazi mwaka 1958. Serikali ilikuwa imeunda baraza la wilaya la mseto wa rangi, na watemi wakawekwa humo. Wananchi walilikataa; maelfu walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, na serikali ikalazimika kuachana na baraza hilo. TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954, kwa hiyo ni vigumu kusema yote yale yalikuwa uchochezi wa chama. Watu walikuwa wamechoka kutawaliwa na mtu wasiyeweza kumwajibisha.

Mwaka 1963 Bunge lilifuta mamlaka ya watemi, na mwaka huohuo likapitisha sheria ya mahakama za mahakimu iliyozaa Mahakama ya Mwanzo tunayoijua leo. Mkulima wa Shinyanga akapata hakimu asiyekusanya kodi. Nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya uhuru, ingawa hauimbwi. Lakini kofia zilizovuliwa kichwa kimoja zilianza kurundikana kwenye kingine. Tangu 1962 mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya walikuwa pia makatibu wa TANU, na mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zenyewe zilifutwa. Zilirudi mwaka 1984 kwa sheria ya mwaka 1982, na baadaye ukatibu wa chama ukaondolewa kwa wakuu hao.

Kuna kazi moja iliyosahauliwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48. Wanaoitetea husema Geita na Kahama si mahali pa mzaha: dhahabu ikivumishwa kichakani leo, kesho kuna maelfu ya watu, mashimo yasiyo na magogo ya kuzuia kifusi, na ugomvi wa mipaka ya leseni, lazima awepo mtu mmoja wa kuamua haraka. Haja ya haraka naikubali. Lakini polisi wapo, na wana uwezo wa kukamata. Leseni ziko kwa Tume ya Madini na maofisa madini wakazi wake. Ushuru wa huduma ni wa halmashauri yenye madiwani waliochaguliwa, na tangu marekebisho ya 2017 kampuni ya mgodi hupeleka kwenye halmashauri mpango wake wa huduma kwa jamii. Kila kazi ina mwenyewe. Mchimbaji mdogo anayebishana na mgodi mkubwa huenda kwa mkuu wa wilaya kutafuta usuluhishi, na msuluhishi huyo ana mahabusu mkononi wakati hajachaguliwa na mtu yeyote wa wilaya hiyo wala hawezi kuondolewa nao. Sheria inadai ahofie uvunjifu wa amani na amfikishe mtu mahakamani ndani ya muda huo, na masharti hayo ni mazuri. Lakini anayepima kama amani iko hatarini ni yeye mwenyewe. Bunge linaweza kuondoa vifungu hivyo bila kugusa sehemu nyingine ya kazi ya mkuu wa wilaya, na mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, akabaki na polisi wa kumkamata na hakimu wa kumsikiliza, kama raia mwingine yeyote.