Maji ya jaruba la chumvi yana kina gani?

Msikilizaji, wazalishaji wa chumvi wa pwani ya Mtwara hushindana na mvua, ambazo kwa kawaida huanza Novemba au Desemba. Maji yakiwa na kina kikubwa jarubani, huchelewa kukauka. Utajuaje kina chake? Kuchovya kijiti mahali pamoja hakutoshi, maana sakafu ya jaruba haiko sawa: huku sentimita 8, kule 12.

Gawanya ujazo kwa eneo. Tuseme jaruba lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Eneo ni mita za mraba 200. Pampu je? Ipime kwa pipa la lita 200. Likijaa kwa dakika 1, basi dakika 100 ni lita 20,000. Lita 1,000 ni mita 1 ya ujazo, kwa hiyo una mita za ujazo 20. Gawanya 20 kwa 200, unapata mita 0.1, yaani sentimita 10. Huo ni wastani wa jaruba zima.

Mvua nayo ina hesabu hiyo hiyo, ila unazidisha. Milimita 5 tu zikinyesha, jaruba hilo linapokea lita 1,000 za maji baridi, na jua litalazimika kuyakausha hayo pia kabla chumvi haijaganda.