Aliyenasa Sauti Hakuwa Bwana Mkubwa

Wahenga walisema chema hakidumu. Juma hili nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja aliyejaribu kuubishia usemi huo kwa kutumia nta.

Alikuwa akiitwa Lionel Mapleson. Alikuwa Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kutunza maktaba ya nota katika jumba la opera la Metropolitan, jijini New York, Marekani. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, huku wapiga ala wakiwa wameketi chini mbele ya jukwaa. Miaka ile jumba hilo liliwaita waimbaji wakubwa wa Ulaya, na matajiri wa jiji walijaa kuwasikiliza. Mapleson hakuwa mwimbaji wala tajiri. Alikuwa mtu wa makaratasi, wa kuhakikisha kila mpiga ala ana nota zake mbele yake.

Mwezi Machi 1900 akanunua fonografu, mashine ya Edison iliyonasa sauti kwa kuchora mifereji midogo juu ya silinda ya nta. Silinda moja ilibeba kama dakika mbili tu. Wenziwe wengi wangeitumia mashine hiyo kuchezea watoto sebuleni. Yeye akaipeleka kazini.

Mwaka 1901 aliiweka kwanza ndani ya kijumba cha yule anayewakumbusha waimbaji maneno, mbele kabisa ya jukwaa. Baadaye akapanda nayo juu, kwenye ujia mwembamba wa mafundi, akaelekeza pembe kubwa ya kupokelea sauti chini kwa waimbaji. Aliendelea hivyo mpaka 1903.

Msikilizaji utauliza, kwani santuri hazikuwapo? Zilikuwapo. Lakini mwimbaji wa santuri alifungiwa katika chumba kidogo, akasimama mbele ya pembe, mara nyingi akiwa na piano peke yake. Silinda za Mapleson zilinasa onyesho lenyewe: ala zote zikivuma, mwimbaji akisogea huku na huku, na watu wakipiga makofi. Tunamsikia Nellie Melba wa Australia mwaka 1901 akiimba mbele ya umati ambao haukujua kwamba nao unarekodiwa.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Jean de Reszke, mwanamume wa Poland, aliyehesabiwa kuwa mfalme wa sauti nyembamba ya kiume. Huyu hakuna santuri yake hata moja iliyopata kuuzwa madukani. Aliondoka katika jumba hilo mwaka 1901, akafariki 1925. Utukufu wote ule, leo hii unasikika katika silinda chache tu za mtunza nota. Na hata humo sauti yake iko mbali, kama mtu aitaye ng'ambo ya mto wakati wa mvua.

Sababu mojawapo ya kelele hizo inanigusa sana. Nta ni laini. Kila sindano inapopita, hukwangua kidogo, na Mapleson alipenda kuwapigia silinda zake rafiki na waimbaji wenyewe. Kwa hiyo upendo uleule uliozinasa ndio uliozila. Halafu ukungu nao ukamalizia.

Mapleson alifariki 1937. Silinda zake nyingi zilifika kwa William Seltsam, mkusanyaji wa santuri, ambaye baadaye alitoa baadhi yake katika santuri. Mwaka 1985 Maktaba ya Umma ya New York ikatoa mkusanyo wa santuri sita. Jumba lenyewe lilikuwa limekwisha kubomolewa tangu 1967. Tena mwaka 2022 familia yake ikaikabidhi maktaba hiyo silinda nyingine 16 pamoja na shajara zake. Mwenyewe amekufa, matofali yameondolewa, lakini makofi ya watu wa 1901 bado yanapigwa.

Nalisema hili nikiwa na deni moyoni. Nyumbani kwetu palikuwa na kanda moja ya kaseti yenye sauti ya marehemu baba, akitusimulia safari yake ya kwanza kuja mjini. Nilipokuwa kijana, siku moja redio ilipiga dansi nililolitafuta muda mrefu. Sikuwa na kanda tupu. Nikachukua ile. Baba alikuwa hai bado, nami nilidhani nitamsikia siku zote. Dansi lile leo linapatikana popote. Baba hapatikani.

Ndiyo maana namheshimu mtunza nota yule. Hakutumwa na mtu, na mabwana wakubwa waliokaa viti vya mbele hawakuacha hata mnong'ono. Kumbukumbu za watu aghalabu huokolewa na yule mdogo aliye karibu, mwenye chombo cha bei nafuu, anayekubali kupanda juu kwenye giza wakati wengine wanatazama jukwaa.

Basi, msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna mzee anayesimulia, au kanda isiyoandikwa jina, isikilize leo kabla hujaipa kazi nyingine.