ZZ: ua la kwetu linalokufa kwa kupendwa mno



Leo tuache siasa kidogo, tuongelee maua. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa niko nyumbani tu, mama mdogo akanipa chungu cha ua lenye majani manene ya kung'aa, akasema nilitunze. Mimi nikalimwagilia kila asubuhi kama mchicha. Baada ya muda mabua yakawa ya njano, yakalala. Nikajua ni kiu, nikaongeza maji! Nilipolivuta likatoka lote, chini limeoza na linanuka. Mama mdogo hakusema kitu, alichukua chungu chake tu. Iliniuma, ndo nikaanza kufuatilia. Haya ndo niliyoyapata.

Ni mmea gani?
Jina la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, wengi wanaita ZZ kwa kifupi. Kumbe kwao ni huku huku: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka mpaka Afrika Kusini. Wazungu waliuandika kitaalamu tangu 1829, ila ulisambaa madukani duniani baada ya Waholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1996 hivi. Leo tunaununua kama vile umetoka Ulaya!

Maji
Hapa ndo wengi tunaharibu. Chini ya udongo una vitu kama viazi, na humo unaweka akiba ya maji ya kuvuka kiangazi. Ukimwagilia kila siku, hivyo viazi vinaoza. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini: kikitoka na udongo mbichi, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwa kawaida ni kila wiki mbili au tatu. Ukisahau mwezi mzima, haufi.

Mwanga
Weka karibu na dirisha, lakini jua kali lisiupige moja kwa moja, litaunguza majani. Kwenye kona yenye giza utaishi, ila utakua taratibu sana.

Udongo na chungu
Changanya udongo na mchanga ili maji yasituame. Chungu lazima kiwe na matundu. Ukiona kopo la plastiki limevimba au kupasuka, viazi vimejaa, hamishia kubwa kidogo.

Kupata miche
Njia ya haraka ni kugawa viazi pamoja na mabua yake. Ya bure ni kuchomeka kijani kimoja kimoja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kitaota kiazi kwanza, mche baadaye, na inaweza kufika mwaka. Usikichimbue kila siku kukiangalia!

Tahadhari
ZZ ni ndugu wa magimbi. Unajua gimbi bichi linavyowasha? Na huu ni hivyo hivyo, ukitafunwa unawasha mdomo na koo. Weka mbali na watoto na mifugo, na nawa mikono ukishaukata. Ila kukaa nao chumbani hakuna madhara.

Mimi nilichomeka vijani vitano, vitatu vikashika. Juzi nimempelekea mama mdogo mche mmoja. Akacheka, akaniuliza, "Huu nao unaumwagilia kila asubuhi?"

Mwenye swali au uzoefu wake aweke kwenye maoni hapo chini. Tupo pamoja.