Gemu tunacheza sisi, hisa zake ziko kwa nani?

Leo tuache programu kidogo tuongee pesa. Huku kwetu Majengo, vijana wakishajua kwamba unaandika programu, ombi la kwanza ni uwatengenezee simu, na swali la pili ni hili: "Bro, wewe umesomea kompyuta. Nikinunua hisa za kampuni za gemu, nitaomoka?"

Swali si la kijinga. Vibanda vya PlayStation vinajaa, na kwenye simu ni PUBG asubuhi hadi usiku. Anayeona haya kila siku lazima ajiambie kwamba hapa pana pesa. Ni kweli, pesa ipo. Lakini historia inatuonyesha kwamba wingi wa wachezaji ni kitu kimoja, na faida ya mwenye hisa ni kitu kingine. Nitatoa mifano mitatu ya nje, halafu turudi Nairobi.

Tuanze na Atari. Mwaka 1976 kampuni ya Marekani, Warner Communications, iliinunua Atari kwa dola milioni 28. Miaka michache baadaye Atari ikawa ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya faida ya Warner. Kisha tarehe 7 Desemba 1982 ikatangazwa kwamba ukuaji utakuwa wa asilimia 10 hadi 15, badala ya 50 uliokuwa ukitarajiwa. Hapa angalia vizuri: hawakusema wamepata hasara! Walisema tutakua, ila si kwa kasi mliyoizoea. Kesho yake hisa za Warner zilianguka kwa karibu theluthi moja. Hasara yenyewe ilikuja 1983, ikapita dola milioni 500. Kwa maneno mengine, bei ya hisa hubeba matumaini ya kesho, na matumaini yakipungua bei hushuka hata kama watu bado wanacheza.

Mfano wa pili ni Nintendo. Julai 2016 Pokémon Go ilitoka, na dunia nzima ikawa barabarani na simu mkononi. Wawekezaji wakakimbilia hisa za Nintendo, bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa muda usiofika wiki mbili. Tatizo ni kwamba gemu ile ilitengenezwa na kampuni nyingine, Niantic ya Marekani. Nintendo ilikuwa na takriban theluthi moja tu ya The Pokémon Company, yenye haki za wale wanyama. Habari hii haikuwa siri. Tarehe 22 Julai Nintendo yenyewe ilibidi itoe taarifa kwamba faida yake haitabadilika sana, na soko lilipofunguliwa tarehe 25 hisa zikashuka kwa karibu asilimia 18 kwa siku moja. Walionunua wiki ile walinunua jina.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi. Kwa miaka mingi, nyumba na mikahawa ya Nairobi yenye DStv ilikuwa ikilipa pesa kwa kampuni ya MultiChoice, ambayo hadi 2019 ilikuwa chini ya Naspers ya Afrika Kusini. Mwaka 2001 Naspers ilinunua asilimia 46.5 ya kampuni changa ya China inayoitwa Tencent, kwa takriban dola milioni 32. Wakati huo Tencent ilijulikana kwa programu ya kutumiana ujumbe, si gemu. Gemu zilikuja baadaye, na leo Tencent ndiyo inayomiliki Riot Games na ndiyo iliyo nyuma ya PUBG Mobile. Machi 2018 Naspers iliuza asilimia 2 tu ya Tencent ikapata dola bilioni 9.8. Lakini mwaka huohuo serikali ya China ilisimamisha vibali vya gemu mpya kwa miezi kadhaa, na hisa za Tencent zikashuka vibaya. Naspers ilifaulu kwa sababu iliingia mapema na ikakaa miaka 17.

Sasa Nairobi. Kwenye Soko la Hisa hakuna kampuni ambayo biashara yake kuu ni kutengeneza gemu. Si kwamba hatuna vipaji. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha 2009 akashirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Lakini mtu wa kawaida hakupata nafasi ya kununua hata hisa moja. Tulichopata ni Safaricom mwaka 2008, shilingi 5 kwa hisa, na ilibidi ununue angalau hisa 2,000. Watu walichukua mikopo. Kufikia mapema 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyeuza kwa sababu benki inamdai alipata hasara, aliyeweza kusubiri miaka alifaidi. Kampuni ni ileile!

Kwa hiyo kijana wa Majengo anayetaka hisa za gemu atalazimika kununua za nje, kwa dola, na kulipa ada ya wakala. Kabla hajatuma pesa, ajiulize mambo matatu. Gemu hii ni mali ya nani hasa? Bei ya leo imeshabeba matumaini kiasi gani? Na je, naweza kuisahau pesa hii miaka mitano bila kugusa kodi ya nyumba wala karo? Pia ahakikishe wakala ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiweza kufuatilia alama zako zote za FIFA, ripoti ya mwaka ya kampuni haiwezi kukushinda. Isome kwanza.